Mipangilio ya Umeme ya Laptopu Inajirudia Baada ya Kupandisha Windows: Mkamate Anayeibadilisha

Umeweka kioo kizime baada ya dakika 3 laptopu ikiwa kwenye betri, na kifuniko kikifungwa mashine ilale. Kesho yake kioo kinawaka nusu saa bila mtu, na mashine uliyoitia kwenye begi Makambako inashuka stendi ya Iringa ikiwa ya moto, betri asilimia 4. Unaweka tena, inakaa siku mbili, inarudi kulekule.

Tangu Microsoft ilipofunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, walimu, wenye steshenari na wanafunzi wengi wamepandisha mashine zao kwenda Windows 11, na hili ni moja ya mambo yanayowasumbua. Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: mipangilio ya umeme hairudi yenyewe. Kila inaporudi, kuna kitu kimeiandika upya. Inaweza kuwa programu ya kampuni iliyotengeneza mashine, sera ya ofisi (mipangilio inayolazimishwa na msimamizi wa mashine), draiva mpya (programu inayoendesha kifaa) au BIOS (programu ya msingi ya ubao mama, inayoanza kabla ya Windows). Usipomjua anayeandika, kurudia kuweka namba zilezile ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta, na kurekebisha kunafuata baadaye.

Kwanza hakikisha kupandisha kumekamilika

Kupandisha toleo hakuishi pale unapoona kioo kipya cha kuingilia. Kwa siku kadhaa baadaye Windows Update huendelea kuleta draiva za chipseti, kadi ya picha na betri, na kila draiva ya aina hiyo inaweza kuleta thamani zake za umeme. Ukianza kurekebisha katikati ya zoezi hilo, unashindana na mashine ambayo bado inajengwa.

Hapa kwetu kuna kikwazo kimoja cha kawaida: bando. Wengi wanatumia intaneti ya simu na wamewasha “Metered connection” ili kubana matumizi. Ni uamuzi wa busara, lakini unazuia baadhi ya masasisho na draiva kushuka, na mashine inabaki nusunusu kwa wiki nzima. Tafuta Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, zima “Metered connection”, nenda “Settings”, “Windows Update”, bofya “Check for updates” hadi isibaki kitu. Fungua pia “Advanced options”, kisha “Optional updates”, uangalie kama kuna draiva za mtengenezaji wa mashine yako.

Halafu chagua “Restart”. Usitumie “Shut down”. Windows ina kitu kinaitwa “Fast startup”: ukizima kwa “Shut down”, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilekile ukiwasha. Mtu anazima na kuwasha mara kumi akidhani ameanza upya, kumbe kiini ni kilekile cha juzi. “Restart” ndiyo inayoanza upya kikweli, na majaribio yote ya mwongozo huu yafanyike kwa “Restart”.

Tofautisha vitu vitatu vinavyochanganywa

Malalamiko mengi ya “imerudi” ni mtu kuweka mahali pamoja na kukagua pengine.

Kuna mpango wa umeme, ule wa “Control Panel”, “Power Options”, wenye majina kama “Balanced”. Huo ndio unaobeba dakika za kioo, za kulala na kazi ya kifuniko. Kuna hali ya umeme, “Power mode”, iliyo kwenye “Settings”, “System”, “Power & battery”: hiyo inaamua prosesa ikimbie kwa kasi au ibane. Na kuna “Energy saver”, ambayo hujiwasha yenyewe betri ikishuka hadi asilimia uliyoweka, ikapunguza mwanga wa kioo na kubana kazi za chinichini.

Mpango ukiwa “High performance”, sehemu ya “Power mode” hufungwa na huwezi kuichagua. Watu wengi waliotoka Windows 10 na mpango huo hudhani Windows 11 imeharibika. Rudi kwenye “Balanced” na sehemu itafunguka. Vilevile, kwenye mashine nyingi za kisasa utaona “Balanced” peke yake katika orodha. Hiyo ni kawaida ya mashine zinazotumia usingizi wa aina mpya, na mipango yako ya zamani haijaibwa na mtu.

Zaidi ya hayo, kila thamani ina sura mbili: mashine ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri. Ukiweka dakika 3 upande wa betri, upande wa chaja unabaki na zake. Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi mara nne jioni moja, laptopu inahama upande mara nane, na mwanga wa kioo unapanda na kushuka kila mara. Hilo si kosa la mipangilio.

Chukua picha ya kabla na ya baada

Usitegemee kumbukumbu. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, kisha chagua “Run as administrator”. Dirisha jeusi likifunguka andika:

mkdir C:\umeme
powercfg /getactivescheme
powercfg /query SCHEME_CURRENT > C:\umeme\kabla.txt

Fanya hivyo mara tu baada ya kuweka mipangilio unayoitaka. Mipangilio ikirudi, fungua dirisha lilelile la cmd na uandike:

powercfg /query SCHEME_CURRENT > C:\umeme\baada.txt
fc C:\umeme\kabla.txt C:\umeme\baada.txt

Amri ya fc inalinganisha mafaili mawili na kukuonyesha mistari iliyobadilika tu. Angalia: Windows 11 ukifungua “Terminal” inakupa PowerShell, na huko fc ni jina la kitu kingine kabisa. Tumia cmd, na mafaili yote mawili yatengenezwe humo.

Namba za muda utakazoziona ziko kwa sekunde na zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Ukikutana na 0x000000b4, hiyo ni sekunde 180, yaani dakika 3. 0x00000258 ni dakika 10. 0x00000708 ni dakika 30. Sifuri maana yake “kamwe”. Mstari wenye neno “AC” ni wa chaja, wenye “DC” ni wa betri.

Ikiwa fc inasema hakuna tofauti ilhali mashine inafanya kinyume, thamani hazikurudi. Hapo kuna programu inayoizuia mashine isilale. Andika powercfg /requests uone ni nani: mara nyingi ni kivinjari kinachopiga video, au draiva ya sauti.

Saa inayorudi ndiyo inayomtaja mhusika

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Weka mipangilio, andika saa kwenye karatasi, kisha fanya jambo moja tu kwa wakati mmoja ukikagua kila hatua.

Ikirudi pale unapochomoa au kuchomeka chaja, kwanza hakikisha hukuweka upande mmoja tu. Ukiwa umeweka pande zote mbili na bado inarudi, ni programu ya mtengenezaji inayobadili mpango kila chanzo cha umeme kinapobadilika.

Ikirudi dakika moja au mbili baada ya kuingia kwenye akaunti yako, ni programu inayojiwasha mwanzoni.

Ikikaa vizuri kwa saa moja au mbili hivi kisha ikarudi bila wewe kugusa kitu, shuku sera ya ofisi. Kwenye mtandao wa ofisi wenye seva, sera hurudiwa kila dakika 90, ikiongezwa muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30. Mashine inayosimamiwa kupitia intaneti huulizia sera zake takribani kila saa 8.

Ikirudi tu baada ya usiku wa masasisho, ni draiva au sasisho kubwa. Na ikirudi baada ya betri kuisha kabisa au baada ya fundi kufungua mashine, nenda moja kwa moja sehemu ya BIOS huko chini.

Baada ya kujua saa, uliza Windows yenyewe. Kuna kumbukumbu ambayo mafundi wengi hawaifungui, nayo inaandika jina la programu iliyogusa mpango wa umeme. Fungua PowerShell kama msimamizi na uandike mstari huu mmoja:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-UserModePowerService'; Id=12} -MaxEvents 20 | Format-List TimeCreated, Message

Kila tukio linakuja na saa, njia kamili ya programu, na maneno “reset policy scheme from”, yakifuatwa na namba ndefu mbili zilizofungwa kwa mabano ya kupinda: mpango wa awali na mpango mpya. Namba inayoanza na 381b4222 ni “Balanced”, 8c5e7fda ni “High performance”, a1841308 ni “Power saver”. Namba zikitofautiana, programu hiyo imebadili mpango. Zikifanana, mara nyingi maana yake programu imegusa thamani ndani ya mpango uleule kisha ikautangaza upya. Ndiyo sababu jina la mpango linabaki “Balanced” huku dakika zako zimepotea.

Linganisha saa za matukio na karatasi yako. Ukiona powercfg.exe saa uliyokuwa ukiandika amri, huyo ni wewe mwenyewe. Ukiona programu iliyo ndani ya folda ya Lenovo, Dell, HP au ASUS, dakika moja baada ya kuwasha, umempata.

Kumwondoa kila mhusika

Programu za mtengenezaji ndizo wahusika wa mara kwa mara, na sababu yake inaeleweka. Lenovo Vantage, Dell Optimizer, MyASUS na wenzao wana mipangilio yao ya umeme na huiona hiyo kuwa ndiyo sahihi. Kupandisha Windows kukiacha toleo la zamani la programu hiyo, linaweza kuendelea kusukuma mipangilio yake ya zamani juu ya yako. Usikimbilie kuifuta. Fungua programu yenyewe, tafuta ukurasa wa umeme, uweke humo kile unachokitaka, au zima kipengele chake cha kujirekebisha kulingana na matumizi. Kisha pakua toleo jipya. Ikishindikana, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda “Startup apps” na uizime huko, kisha “Restart”. Sababu ya kutoifuta haraka ni kwamba kwenye mashine nyingi programu hiyohiyo ndiyo inayoweka kikomo cha kuchaji betri kwenye asilimia 80, na kikomo hicho ni hazina kwa laptopu ya steshenari inayoshinda imechomekwa kutwa nzima.

Sera ya ofisi inakaguliwa kwa amri hii:

reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Power\PowerSettings" /s

Ikijibu kwamba haikuipata njia hiyo, hakuna sera. Ikitoa orodha, mtu amekuwekea. Tazama pia “Settings”, “Accounts”, “Access work or school”. Mashine ikiwa ya halmashauri, chuo au mwajiri, acha na uende kwa afisa TEHAMA ukiwa na majibu ya fc mkononi. Ukifuta sera, kwa kawaida itarudi yenyewe, na pengine umevunja masharti ya kazi.

Laptopu za mtumba zinahitaji uangalifu wa pekee. Nyingi zinazouzwa madukani Mbeya na Iringa zilitoka kwenye ofisi za nje, na baadhi hazikufutwa vizuri. Ukikuta sera kwenye mashine uliyoinunua kihalali na huna uhusiano na kampuni yoyote, kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kipande kwa kipande hakutoshi. Nakili kazi zako nje na usimike Windows upya kwa flashi safi. Kama baada ya kusimika mashine bado inakutaka uingie kwa akaunti ya kampuni usiyoijua, rudi kwa muuzaji, maana usajili huo uko kwa mwenye mashine wa zamani na hauondoki kwa kusimika upya.

Draiva nazo zina dalili yake: kinachorudi si dakika za kioo, bali vitu kama Wi-Fi kukatika mashine ikitulia, au modemu ya USB kujizima. Fungua “Device Manager”, bofya mara mbili kifaa husika, nenda “Power Management” na uondoe alama ya “Allow the computer to turn off this device to save power”. Kila draiva ikibadilishwa alama hiyo inaweza kurudi, kwa hiyo ikague baada ya kila sasisho kubwa. Kwa mashine za zamani, zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, ambazo watu wamezipandisha kwa kuruka ukaguzi wa Microsoft, mtengenezaji huenda hakutoa draiva za umeme za Windows 11 kabisa. Chukua draiva ya chipseti ya Windows 10 kutoka tovuti ya mtengenezaji. Mara nyingi inakubali.

“Fast startup” yenyewe ni mfano mzuri wa kitu kinachorudishwa na masasisho makubwa. Kama uliizima zamani, iangalie tena: “Control Panel”, “Power Options”, “Choose what the power buttons do”, kisha “Change settings that are currently unavailable”.

Kuweka thamani zinazofaa mahali penye umeme wa kukatika

Ukishamnyamazisha mhusika, weka namba zako kwa faili moja ili usirudie kubofya. Fungua Notepad, andika yafuatayo, na uhifadhi kwa jina umeme.bat ndani ya C:\umeme. Wakati wa kuhifadhi chagua “All files”, la sivyo Notepad itakupa umeme.bat.txt na haitafanya kazi.

@echo off
powercfg /h on
powercfg /setactive SCHEME_BALANCED
powercfg /change monitor-timeout-dc 3
powercfg /change standby-timeout-dc 10
powercfg /change hibernate-timeout-dc 30
powercfg /change monitor-timeout-ac 10
powercfg /change standby-timeout-ac 30
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BUTTONS LIDACTION 2
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATLEVELLOW 20
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATLEVELCRIT 10
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATACTIONCRIT 2
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT

Mstari wa mwisho usiuache. Amri za setdcvalueindex zinaandika thamani lakini haziitekelezi hadi mpango utangazwe upya. Hili peke yake limewafanya watu wengi waamini kwamba mipangilio yao “imekataa”.

Namba 2 kwenye kifuniko maana yake ni “Hibernate”, usingizi mzito: mashine inaandika kila kilichomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kwenye diski, kisha inazima kabisa. Namba 1 ni kulala kawaida, 3 ni kuzima, 0 ni kutofanya lolote. Tunapendekeza 2 kwa upande wa betri kwa sababu ya ile mashine ya moto kwenye begi. Andika powercfg /a. Ukiona “Standby (S0 Low Power Idle)” kwenye orodha ya kwanza, ya hali zinazopatikana, mashine yako ikilala kawaida haizimi, inabaki macho kidogo ikisikiliza mtandao, na ndani ya begi kwenye basi kwa muda wa saa nne haina pa kutolea joto. Usingizi mzito unachukua sekunde chache zaidi kuamka. Ni bei ndogo.

Usingizi mzito unahitaji nafasi kwenye diski C, kwa kawaida asilimia 40 hivi ya RAM: mashine ya GB 8 inataka zaidi ya GB 3. Ikiwa diski imejaa kwa sababu ya folda ya Windows.old iliyoachwa na kupandisha, safisha kupitia “Settings”, “System”, “Storage”, ukishakuwa na hakika hutaki kurudi toleo la nyuma. Windows inakupa siku 10 za kurudi.

Betri ya chini tumeiweka asilimia 20 na ya hatari 10, juu ya thamani za kawaida, kwa sababu betri iliyochakaa hudanganya. Inaonyesha 12, kisha mashine inazimika ghafla na kazi ya mtihani inapotea. Andika powercfg /batteryreport uone: kwenye ripoti, linganisha “Design capacity” na “Full charge capacity”. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, panga kununua betri. Hakuna mpangilio utakaoiponya.

Kufunga ili isirudi kwenye sasisho lijalo

Hifadhi kwanza nakala ya mpango:

powercfg /export C:\umeme\mpango.pow 381b4222-f694-41f0-9685-ff5bb260df2e

Nakili faili hilo kwenye flashi pia. Siku ukilazimika kutumia powercfg -restoredefaultschemes, ambayo inafuta mipango yote uliyotengeneza na kurejesha ya kiwandani, utairudisha kwa powercfg /import.

Kisha lifanye faili la umeme.bat lijiendeshe kila unapoingia:

schtasks /create /tn "UmemeWangu" /tr "C:\umeme\umeme.bat" /sc onlogon /delay 0002:00 /rl highest /f

Zile dakika mbili za kusubiri ni za makusudi: zinaziacha programu za mtengenezaji ziandike zao kwanza, na wewe uandike wa mwisho. Kuna mtego mmoja. Kazi inayotengenezwa kwa amri hii huwekewa sharti la kuanza tu kama mashine iko kwenye chaja. Siku umeme haupo, ndiyo siku unayoihitaji, haitaendeshwa. Fungua “Task Scheduler”, bofya mara mbili UmemeWangu, nenda “Conditions” na uondoe alama ya “Start the task only if the computer is on AC power”.

Usijaribu kuifunga kazi hii kwenye lile tukio namba 12 ili ijibu kila mpango unapoguswa. Amri zako mwenyewe zinazalisha tukio hilohilo, na mashine itazunguka bila mwisho.

Inapoonekana imerudi, kumbe haikurudi

Mwezi wa sita na wa saba, Njombe, Makete au Uyole alfajiri, betri ya lithiamu ikiwa baridi hutoa nguvu pungufu. Asilimia inaporomoka upesi, “Energy saver” inajiwasha, kioo kinafifia, na mwenye mashine anasema mipangilio imerudi. Angalia alama ya betri kwenye kona ya chini: ikiwa na jani, ni “Energy saver” iko kazini. Mashine iliyolala kwenye gari ipe muda ipate joto la chumba kabla ya kuichaji. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi joto sifuri inaharibika ndani.

Chaja nayo. Dell ina waya mwembamba katikati ya pini unaoitambulisha chaja kwa mashine. Chaja ya bei poa isiyotambuliwa, au yenye wati 45 kwenye mashine inayotaka 65, inaifanya mashine ipunguze kasi na pengine isichaji kabisa, hata ukiwa umechagua “Best performance”. Ukiwasha ukaona maandishi kwamba aina ya chaja haijulikani, tatizo umelipata, na haliko kwenye Windows.

BIOS

Masasisho ya BIOS siku hizi huja kupitia Windows Update, na baadhi hurudisha thamani za kiwandani. Ingia kwa kubonyeza F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad mara tu unapowasha. Tafuta ukurasa wa umeme. Dell nyingi za ofisini zina “Block Sleep”: ikiwa imewashwa, Windows haitalala hata ufanyeje. Kwenye HP za ofisini kuna “Battery Health Manager”, inayoweza kuzuia betri isijae. Mtu akaona 80 akadhani betri imekufa. Baadhi ya ThinkPad zina “Sleep State”, yenye chaguo la Windows 10 au Linux. Kwa mwenye Windows, iache kwenye Windows.

Kama BIOS inasahau kila kitu na saa inarudi miaka ya nyuma kila betri kuu inapoisha, betri ndogo ya ubao mama imekufa. Nyingi ni CR2032 ya volti 3, ila kwenye laptopu huja na waya na plagi yake ndogo. Mwambie fundi alete yenye plagi inayolingana badala ya kulehemu waya kwenye betri yenyewe.

Kwa wenye Ubuntu (aina ya Linux) badala ya Windows

Mhusika huwa mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni swali uliloulizwa wakati wa kupandisha, kama unataka kubaki na faili lako la /etc/systemd/logind.conf, linaloamua mashine ifanye nini kifuniko kikifungwa, au kuchukua jipya. Ukijibu Y, lako limekwenda. Dawa ni kutoligusa tena faili hilo. Tengeneza folda /etc/systemd/logind.conf.d, ndani yake faili kifuniko.conf lenye mistari hii:

[Login]
HandleLidSwitch=suspend
HandleLidSwitchExternalPower=ignore

Washa mashine upya. Ukiishia kuanzisha tena huduma ya logind peke yake unaweza kutupwa nje ya akaunti ukiwa na kazi wazi.

Wa pili ni mafahari wawili zizi moja: TLP na power-profiles-daemon, programu mbili za kusimamia umeme, zote ziko hai, kila moja inafuta ya mwenzake. Zikague kwa systemctl status tlp power-profiles-daemon. Ukibaki na TLP, andika sudo systemctl mask power-profiles-daemon, ambayo inaizuia isiamshwe tena. Mipangilio yako ya TLP iweke kwenye faili lake ndani ya /etc/tlp.d, mfano 50-betri.conf, ikiwemo START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80 kwa mashine zinazokubali kikomo cha kuchaji. Kisha sudo tlp start, na sudo tlp-stat -b kuona kama betri imezipokea.